Kundi la mchezoni hufanyaje kazi: hasira, alama, ngawira na foleni

Kuna malalamiko matatu ambayo hayakosi kusikika watu wanapozungumzia michezo ya uhusika ya mtandaoni. Mmoja hudai kwamba alijiunga na kundi na papo hapo alama zake zikaanza kuingia kidogo kidogo. Mwingine hushangaa kukaa kwenye foleni nusu saa ilhali rafiki yake, aliyeomba kuingia mahali palepale, alipata nafasi baada ya sekunde chache. Wa tatu huwa na uchungu zaidi: amehangaika na wenzake mpaka joka likaanguka, kisha upanga aliokuwa akiutamani ukachukuliwa na mtu ambaye, kwa maoni yake, hakufanya lolote la maana. Wote watatu huamini kwamba wameonewa. Mara nyingi hakuna aliyewaonea; kundi lina hesabu zake, na ni nadra mchezo wenyewe kumweleza mchezaji hesabu hizo kabla hazijamuumiza.

Mchezo wa uhusika wa mtandaoni ni mchezo wa kompyuta, au siku hizi wa simu pia, ambamo kila mchezaji humkuza mhusika wake kwa kumpandisha ngazi, kumvisha zana bora na kumfundisha mbinu mpya, ndani ya ulimwengu unaokaa kwenye seva za kampuni na unaoendelea kuwapo hata mchezaji anapozima mashine yake na kwenda kulala. Mizizi yake ni mirefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutengeneza MUD, mchezo wa maandishi matupu ambao mwenzake Richard Bartle aliuendeleza. Michezo yenye picha iliyokusanya watu wengi ilikuja baadaye: Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, World of Warcraft mwaka 2004, na Final Fantasy XIV, ambayo kwa sura yake ya sasa ilizinduliwa mwaka 2013.

Maneno matatu huchanganywa sana, na ni vyema yatenganishwe mapema. Kundi ni muungano wa muda wa wachezaji wachache: mmoja hutuma mwaliko, mwingine hukubali, na kuanzia hapo kila mmoja huona afya ya wenzake pembeni mwa skrini, huzungumza nao faraghani, na huhesabiwa pamoja nao. Katika EverQuest kundi lilikuwa la watu sita, katika World of Warcraft ni watano, na katika Final Fantasy XIV kundi dogo ni la wanne. Uvamizi ni mkusanyiko mkubwa zaidi unaoundwa kwa ajili ya maadui wakubwa mno. Chama ni kitu kingine kabisa: ni jumuiya ya kudumu yenye jina, vyeo na mara nyingi hazina ya pamoja, na mwanachama hubaki ndani yake hata akikaa wiki nzima bila kucheza. Kuwa katika chama kimoja hakuwafanyi watu kuwa kundi moja, wala kusimama bega kwa bega mbele ya adui mmoja hakuwafanyi hivyo. Wachezaji wawili wageni wanaopambana na dubu yuleyule wanaweza kuwa wanasaidiana kwa macho ya mtazamaji, lakini kwa hesabu za seva kila mmoja yuko peke yake mpaka mwaliko utumwe na ukubaliwe.

Katika michezo mingi ya awali jambo hilo lilikuwa na matokeo makali: aliyempiga adui kwanza ndiye aliyemmiliki, na mgeni aliyekuja kusaidia aliondoka mikono mitupu. Michezo mingi ya karibuni imelegeza kanuni hiyo. Guild Wars 2, iliyotoka mwaka 2012, humpa kila aliyechangia vya kutosha malipo yake mwenyewe, bila mwaliko wowote, na ndiyo sababu huko unaweza kuona umati ukishambulia jitu moja bila mtu hata mmoja kumsalimia mwenzake.

Sasa tuingie vitani, kwa sababu hapo ndipo kundi linapopata maana yake. Wachezaji hugawana majukumu matatu. Mkingaji, ambaye wengi humwita tanki, huvaa silaha nzito na kazi yake ni kupigwa yeye badala ya wengine. Mponyaji hurudisha afya inayopotea. Washambuliaji hushusha afya ya adui. Mgawanyo huu haukuzuka kwa hiari ya wachezaji wenye moyo wa kujitolea. Umejengwa juu ya kanuni moja inayoamua adui amgeukie nani, na asiyeijua kanuni hiyo hufa mara nyingi huku akiwalaumu wenzake.

Adui anayeendeshwa na kompyuta huweka orodha ya hasira. Kila tendo dhidi yake huongeza alama kwenye jina la mtendaji, na adui humshambulia aliye juu ya orodha. Tuchukue World of Warcraft ya miaka ya mwanzo, ambayo hesabu zake zilichunguzwa sana na wachezaji. Humo kila alama moja ya madhara huzaa alama moja ya hasira. Kila alama moja ya afya inayorudishwa huzaa nusu alama, nayo hugawanywa kwa maadui wote walio vitani. Mkingaji ana mbinu zinazozidisha hasira anayoibua, hivyo pigo lake dogo linaweza kumkera adui kuliko pigo kubwa la mwenzake. Isitoshe, adui hageuki mara tu mtu anapompita mkingaji kwenye orodha: aliye karibu na adui lazima ampite kwa asilimia 10, na aliye mbali lazima ampite kwa asilimia 30.

Weka namba na jambo litaonekana. Mkingaji ana alama 1,000 za hasira. Mpiga mishale aliye mbali amefikisha 1,250. Tayari amempita mkingaji, lakini yuko salama. Mishale miwili zaidi ikimfikisha 1,310, jitu linamwacha mkingaji, linavuka uwanja, na mpiga mishale, ambaye vazi lake ni jepesi, anaanguka kwa mapigo mawili. Anayepiga kwa upanga akiwa karibu hana hata nafasi hiyo. Kwake mpaka ni 1,100. Ndiyo maana viongozi wa makundi huwaomba washambuliaji wasubiri kidogo pambano linapoanza, ombi ambalo wageni hulichukulia kuwa ni uoga au urasimu. Mkingaji anahitaji sekunde chache za kujenga alama zake kabla wengine hawajaachia nguvu zote.

Kanuni hiyohiyo hueleza kwa nini mponyaji hushambuliwa ghafla na maadui wapya wanaojitokeza katikati ya pambano. Hakuna aliyewagusa bado, kwa hiyo kila mtu ana sifuri kwenye orodha zao. Lakini mponyaji anaendelea kuponya, na nusu alama zake zinaingia kwenye orodha hizo pia. Alama chache zinatosha kumshinda aliye na sifuri. Mkingaji asipowakimbilia na kuwapiga, watamfuata mponyaji, na mponyaji akifa kundi zima humfuata baada ya muda mfupi. Lawama hapo humwangukia mponyaji kwa kufa, au mshambuliaji kwa kutosaidia, wakati kosa hasa lilikuwa ni kuchelewa kuwavuta maadui wapya.

Kutokana na hayo, dhana kwamba mchezaji bora ni yule mwenye madhara makubwa zaidi kwenye jedwali haina msingi imara. Wapo wanaosakinisha programu za kupima madhara ya kila mtu na kuyatangaza mbele ya kundi baada ya kila pambano. Kipimo hicho si cha uongo, lakini hakihesabu aliyekatiza laana kabla haijamfikia mponyaji, aliyesogea kutoka kwenye moto kwa wakati, wala aliyejizuia kupiga kwa sekunde tano ili adui asigeuke. Mshambuliaji aliyeongoza jedwali kwa dakika mbili kisha akafa ameacha pengo ambalo wenzake watalilipia kwa dakika sita zilizobaki.

Ikumbukwe kwamba utatu huu una historia na si sheria ya maumbile. Katika EverQuest nguzo tatu za kundi zilikuwa shujaa wa kukinga, kasisi wa kuponya, na mlogaji ambaye kazi yake kuu ilikuwa kuwalaza usingizi maadui wa ziada. Washambuliaji walijazia nafasi zilizobaki. Guild Wars 2 ilijaribu kuuvunja kabisa: kila mhusika alipewa mbinu yake ya kujiponya, na yeyote aliweza kumwinua mwenzake aliyeanguka. Hata hivyo, mchezo huo ulipoleta uvamizi wa watu kumi mwaka 2015, majukumu maalumu ya kuvuta adui na kuponya yalirudi kwa njia yake. Kwa maoni yangu hilo linaonyesha kwamba pambano gumu la pamoja huzaa mgawanyo wa kazi hata pale waliolibuni wanapoukwepa.

Turudi kwa mlalamikaji wa kwanza. Alama za uzoefu, ambazo humpandisha mhusika ngazi, hugawanywa kundini, na ni kweli kwamba kila adui humpa mwanakundi alama chache kuliko angempa mtu aliye peke yake. Ila mgawanyo si wa moja kwa moja. Katika World of Warcraft ya awali, adui wa alama 100 aliyeuawa na watu wawili wa ngazi moja humpa kila mmoja 50. Kuanzia watu watatu, mchezo huongeza nyongeza: jumla huzidishwa kwa 1.166 kwa watatu, 1.3 kwa wanne na 1.4 kwa watano. Watano hivyo hugawana 140, yaani 28 kila mmoja, badala ya 20. Ukilinganisha 28 na 100 utaona hasara. Linganisha kwa saa badala ya kwa adui mmoja, na picha hugeuka: watu watano humwangusha adui kwa sehemu ndogo ya muda ule, hawakai chini kurudisha afya baada ya kila pambano, na wanaweza kuwakabili maadui wenye alama nyingi ambao mtu mmoja asingethubutu kuwagusa. Anayepoteza kweli ni kundi linalosuasua, ambamo watu wanaingia na kutoka na kusubiriana.

Tofauti ya ngazi huleta utata mwingine. Wengi hufikiri kwamba kumwalika rafiki mwenye ngazi ya juu ni njia ya mkato. Michezo mingi imeziba njia hiyo kwa kumpunguzia alama aliye chini pale mwenzake anapomzidi sana, kwa sababu adui anayeuawa bila jasho huhesabiwa kuwa na thamani ndogo. Mingine imechagua suluhisho la kiungwana zaidi: Guild Wars 2 humshusha mwenye ngazi ya juu hadi kiwango cha eneo alilomo, na Final Fantasy XIV hufanya vivyo hivyo kwa kawaida anapoingia na wageni pango la ngazi ya chini, yaani eneo la maadui ambamo kila kundi hupewa nakala yake lenyewe. Marafiki wawili walioanza kucheza kwa kupishana mwaka mzima huweza hivyo kucheza pamoja bila mmoja kuwa abiria.

Ngawira, yaani vitu anavyoangusha adui, ndiyo chanzo kikuu cha ugomvi, na hapa imani potofu ni nyingi. Aliyetoa pigo la mwisho hana haki ya ziada kundini. Kiongozi wa kundi naye hapati kitu bora kwa sababu tu ya kuwa kiongozi. Uongozi katika kundi la kawaida ni mamlaka ya kualika, kuondoa na kuchagua utaratibu wa kugawana. Utaratibu ulioenea zaidi ni wa kubahatisha kwa namba. Kitu kinapoanguka, kila mmoja huchagua kati ya uhitaji, tamaa na kuacha, kisha seva humpa namba kati ya 1 na 100. Wenye uhitaji hushindana wao kwa wao kwanza. Aliyechagua uhitaji akapata 4 humshinda aliyechagua tamaa akapata 98, na hilo si hitilafu: uhitaji maana yake ni kwamba utakivaa kitu hicho, na tamaa maana yake ni kwamba ungependa kukiuza. Anayebofya uhitaji kwa kila kitu ndiye anayevunja adabu, hata pale programu inapomruhusu.

Utaratibu wa pili humpa kila mtu ngawira yake asiyoiona mwingine. Huondoa ugomvi, lakini pia huondoa uwezo wa kusema: mpeni fulani, yeye ndiye anayekihitaji. Wa tatu humpa mtu mmoja mamlaka ya kugawa. World of Warcraft iliufuta huo wa tatu mwaka 2018 kutokana na jinsi ulivyoweza kutumiwa vibaya, na mwaka 2022 ikarudisha kubahatisha kwa pamoja katika uvamizi, jambo linaloonyesha kwamba hata watengenezaji hawajapata jibu moja. Vyama navyo vilijitafutia jibu tangu enzi za EverQuest: mwanachama hupewa pointi kila anapohudhuria mauaji ya joka, zinaandikwa kwenye daftari la chama, na siku kitu anachokitaka kinapoanguka anazitumia kukinunua. Asiyejua kuwapo kwa daftari hilo, akaalikwa usiku mmoja kujazia nafasi, hudhani ameporwa anapoona upanga ukienda kwa mwingine bila namba kurushwa. Ni halali kabisa kuuliza utaratibu wa ngawira kabla ya kuanza, na chama chenye heshima hujibu bila kukasirika.

Limebaki swali la foleni. Hadi mwaka 2009 mchezaji wa World of Warcraft aliyetaka kuingia pangoni alitangaza kwenye soga ya mji, akasubiri, akajadiliana, kisha akasafiri hadi mlangoni. Desemba mwaka huo mchezo ulileta zana ya kuunda makundi kiotomatiki: unachagua jukumu, unabofya, na seva inakutafutia wenzako, hata kutoka seva nyingine, na kukusafirisha ndani. Zana za namna hiyo sasa ni za kawaida.

Kundi la watano katika mchezo huo lina mkingaji mmoja, mponyaji mmoja na washambuliaji watatu. Chukua mfano wa kubuni: watu 100 wamo kwenye foleni, wakingaji wakiwa 10, waponyaji 15 na washambuliaji 75. Makundi yatakayoundwa ni 10 tu. Wakingaji wote wataingia bila kusubiri, waponyaji 5 watabaki, na washambuliaji 45 watabaki wakitazama saa. Ni sawa na kupanga timu za mpira: ukiwa na makipa watatu huwezi kupata timu nne, hata uwanja ukifurika wafungaji. Rafiki aliyeingia kwa sekunde chache hakupendelewa. Alichagua jukumu ambalo wengi wanalikwepa kwa sababu makosa yake huonekana na kila mtu. Watengenezaji hujaribu kusawazisha kwa zawadi: World of Warcraft ilianza mwaka 2011 kutoa mfuko wa ziada kwa jukumu lililo adimu kwa wakati huo, na Final Fantasy XIV nayo huonyesha jukumu gani linatafutwa na kulilipia.

Imani nyingine ni kwamba zana hizi hukupanga na watu wa uwezo wako. Katika mapango ya kawaida hazifanyi hivyo. Huangalia jukumu, ngazi, na wakati mwingine wastani wa ubora wa zana ulizovaa; haziwezi kujua kama umewahi kuliona pango hilo au kama unaelewa orodha ya hasira. Kutarajia kila kundi la bahati nasibu liwe la mabingwa ni kujitafutia hasira zako mwenyewe.

Zana hiyo ilimaliza kungoja kwa namna moja na kuleta hasara kwa namna nyingine. Zamani mkingaji mwenye matusi alijulikana katika seva yake na watu wakaacha kumwalika. Leo mtu anaweza kuwatukana watu wanne na asikutane nao tena maishani. Toleo la kale la World of Warcraft lilipozinduliwa upya mwaka 2019 bila zana hiyo, wachezaji wengi walisema ndivyo walivyotaka. Ninawaelewa, ila nadhani mwenye saa moja tu ya kucheza baada ya kazi hana anasa ya kutangaza mjini kwa dakika 40, na kwake zana hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa mapango.

Uvamizi mkubwa hautegemei sana zana hizi. Mwaka 2004 World of Warcraft iliweka uvamizi wa watu 40, mwaka 2007 ikashuka hadi 25 na 10, na tangu 2014 kiwango kigumu kabisa ni cha watu 20 kamili. Kupungua huko hakukutokana na uvivu: kuwakusanya watu 40 saa ileile, mara kadhaa kwa wiki, wote wakiwa macho na wakiwa na intaneti isiyokatika, kulikuwa kazi ngumu kuliko joka lenyewe.

Kuhusu kumwondoa mtu, katika kundi la kiotomatiki la World of Warcraft au Final Fantasy XIV kiongozi hana uwezo wa kumfukuza mwenzake peke yake, kura hupigwa. Anayejiondoa mwenyewe katikati naye huadhibiwa: katika Final Fantasy XIV anayeliacha pango kabla halijaisha huzuiwa kuomba kundi jingine kiotomatiki kwa dakika 30. Mchezo huohuo hulipa kundi zima nyongeza pale mmoja wao anapomaliza pango kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mgeni anayesema wazi mwanzoni kwamba hajawahi kufika hapo hawalemei wenzake, bali anawaletea malipo ambayo wasingeyapata bila yeye.

Kwa asiyetaka watu kabisa, tangu mwaka 2019 mchezo huo umeruhusu baadhi ya mapango kuchezwa na wenzi wanaoendeshwa na kompyuta, na orodha hiyo imepanuliwa baadaye hadi mapango ya hadithi kuu. Wenzi hao hawatukani, hawachelewi na hawagombei ngawira. Huua polepole kuliko watu wenye ujuzi, na katika uvamizi mgumu hawaruhusiwi kuingia.